Mdogo Wangu na Lori Lake la Askari

Mdogo wangu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa nne wa fundi viatu. Mimi ni wa tatu na nilimbeba mgongoni, kwa hiyo mnisamehe nikichepuka kidogo.

Alianza shule mwaka 1966. Akiwa darasa la tatu alimchora mwalimu wa hesabu ubaoni, tumbo limetangulia. Mwalimu alimchapa viboko vinne, halafu akasema, "Sasa usiifute. Mke wangu anapita hapa saa sita, aione."

Mwaka 1981 aliajiriwa gazetini kuchora katuni, akakaa meza ileile ya dirishani mpaka mwisho. Alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kubuni sura. Kila sura aliiazima nyumbani. Yule waziri mnene mliyekuwa mkimcheka ni mimi. Hata kinyozi wangu alikuwa akiniita mheshimiwa.

Mwaka 1984 alimwoa mpiga chapa wa gazeti hilohilo. Walijaliwa mabinti wawili na, baadaye sana, mwaka 1999, kijana mwenye masikio ya kusimama.

Vita vya nchi jirani vilipoanza, serikali ilipeleka washauri kumi. Marehemu akachora lori lenye watu kumi, mkubwa mmoja anawapungia: "Wanakwenda kushauri tu!" Kila serikali ilipoongeza watu, naye aliwaongeza kwenye lori lilelile, mpaka wengine wakawa wananing'inia kwenye vioo. Tulicheka sana. Sura zilipomwishia, nyuma kabisa akamweka kijana wake, na masikio yake. Miezi miwili baadaye kijana akaitwa jeshini, akapelekwa hukohuko.

Baba mtu alikwenda gazetini, akaomba mchoro ule, akayakwangua masikio kwa wembe. Shemeji akamwambia, "Baba watoto, gazeti si lilishasomwa?" Tangu siku hiyo alichora askari kwa migongo tu. Siku moja akaniambia, "Kaka, miaka minne nachora, hata askari mmoja sijamrudisha." Nikammiminia chai.

Kiharusi kilimpata tarehe 2 Februari mwaka huu, mkono wa kulia ukafa ganzi. Alifariki hospitalini tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 65. Chini ya mto wake tulikuta karatasi aliyoichora kwa mkono wa kushoto, mistari inayumba. Lori limegeuka, linarudi. Ndani yumo mtu mmoja tu, ametazama mbele, masikio yamesimama.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi kaka yake, na kijana wake wa mwisho. Huyo tumempigia simu, tumemwandikia, tumekwenda hadi lango la kambi, na mpaka nasoma hapa hatujui kama habari imemfikia.

Mungu ampokee mdogo wangu, na mkono wake nao upumzike.