Mkasi, Mkaguzi wa Katuni

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo Jumanne asubuhi, aliponipigia simu kuniuliza kama nimeshakunywa chai, nisingeamini kwamba ningeifanya Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kwa hiyo mkinisikia nakwama, nivumilieni, bado tumepigwa na butwaa.

Baba alizaliwa tarehe 4 Juni 1953, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya mjini hadi mwaka 1972, na shangazi, aliyekaa hapa mbele, anasema utotoni mwao katuni waliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya ukurasa wa nyuma wa gazeti la Jumapili, ambayo babu aliikunja na kuitia mfukoni mpaka kila mtoto awe ameosha miguu.

Mwaka 1976 aliajiriwa na shirika la utangazaji kutunza filamu, na mwaka 1979, idara ya vipindi vya watoto ilipoanzishwa, akawa mkaguzi wake, maana yake kila katuni ilipita kwanza machoni pake, katika chumba kisicho na dirisha, chenye projekta, kiti kimoja na feni yenye kelele, na alipoona jambo lisilomfaa mtoto wa miaka mitano alikata kipande hicho na kuunga filamu, ndipo wenzake wakambandika jina la Mkasi. Katuni enzi hizo ilikuwa nusu saa kwa wiki, Jumamosi alasiri, na televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja, ya mwenye duka la viatu, ambako watoto waliojazana sakafuni, wakiona mbweha yuko juu ya ukuta na mara yuko mtoni, waliguna kwa pamoja, "Mkasi huyo."

Tarehe 12 Septemba 1981 alimwoa mama yetu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wetu, na mama alipenda kumtania kwamba ni yeye peke yake duniani anayelipwa kutazama katuni na bado anarudi nyumbani amenuna.

Tarehe 20 Februari 1993 mama alifariki baada ya kuugua muda mfupi, na baba, kwa kukosa maneno, alimwambia kitinda mimba, aliyekuwa na miaka minne, kwamba mama amesafiri. Mtoto aliuliza kila jioni atarudi lini, mpaka siku moja baba akamkuta mlangoni amevaa viatu, na mfuko wa nguo mkononi, anamfuata mama safarini. Kesho yake aliingia kazini, akatafuta katuni ya nungunungu mdogo ambaye mama yake anakufa kwa homa, na kipande cha kifo hicho, alichokikata yeye mwenyewe mwaka 1984 kwa kuona kuwa ni kizito mno, akakirudisha mahali pake, na Jumamosi ikaonyeshwa nzima.

Tuliitazama nyumbani, wakati huo tuna televisheni yetu, na kitinda mimba, akiwa mapajani pa baba, aliuliza, "Kwa hiyo mama yake harudi?" Baba akasema, "Harudi." "Na wangu?" "Na wako harudi, mwanangu." Alilia mpaka akachoka, kisha akaomba chakula, na hakuulizia tena safari. Jumatatu mkuu wa idara alimwita baba, akamwambia simu za wazazi hazijakoma tangu Jumamosi, amewaliza watoto wa watu, baba akamjibu, "Mkuu, wa kwangu walikuwa wanalia bila kujua wanalilia nini," akapewa onyo, akalipokea, akarudi kwenye chumba chake.

Baadaye zikaja kanda za video, yakaja madishi, zikaja chaneli za katuni kutwa kucha, kazi yake ikapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2009 idara ilifungwa kwa maelezo kwamba watoto siku hizi wanajichagulia wenyewe, naye akastaafu bila manung'uniko, na tulifikiri mambo ya katuni yameisha.

Siku moja mwaka 2021 alikaa na mjukuu wake wa miaka mitatu, mtoto ameshika simu, wimbo wa kuhesabu unalia, na baba akachungulia. Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, simu ameizima, anaifuta kioo kwa shati lake tena na tena. Akaniambia, "Mimi enzi zangu nilikata hata kofi kwenye katuni, mwanangu. Kofi moja. Huyu ametazama sungura anajichoma kisu, na wimbo unaendelea, na yeye anahesabu." Sijawahi kumwona baba katika hali ile, hata msiba wa mama haukumfanya hivyo.

Tangu hapo alipita nyumba kwa nyumba akizungumza na wazazi, wala hakusema mtoto anyang'anywe simu, maana alizipenda sana katuni zinazochorwa siku hizi na vijana wetu kwenye kompyuta, aliniita mara nyingi nije nione, na ni hizo tu zilizomfanya acheke, bali alisema kaa naye, tazama naye, ingawa wengine walimfungia mlango wakisema Mkasi amekuja kukata intaneti.

Baba alikuwa na shinikizo la damu, dawa alimeza kila siku, hakuwa mgonjwa wa kitandani. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alipiga pasi shati, akaenda kwenye kikao cha wazazi katika chekechea alikofundisha mama, akasimama, akasema, "Wazazi wenzangu, sikuja kuwagombeza, nimekuja kuwaomba jambo moja tu," akashika kiti kilichokuwa mbele yake, akasema, "Ngojeni kidogo," akaanguka. Wengi wenu mlikuwepo. Madaktari walisema mshipa umepasuka kichwani, na jioni ile alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Wengi mmeniuliza jambo lenyewe lilikuwa lipi. Mdogo wangu ana lake, shangazi ana lake, na mimi nimelala na kuamka na swali hilo, lakini sijui, na siwezi kumtilia baba maneno kinywani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania saa zile, majirani mliobeba viti na masufuria bila kuombwa, wenzake wa zamani wa shirika, na mzazi yule, hatumjui jina, aliyemwekea baba koti lake chini ya kichwa na hajalirudia mpaka leo. Liko nyumbani, limefuliwa.

Baba, umetazama vya kutosha, fumba macho, upumzike kwa amani.