Kura ya Mfupi

Kona ya duka la mikate la Murrangool ina benchi moja la mbao, na asubuhi ya mechi usiombe nafasi pale kama hukuzaliwa mjini hapa au hukuoa mjini hapa. Wenye benchi ni watatu. Yupo Mfupi, mkulima wa ngano mstaafu na mwenyekiti wa Panzi, klabu ya mpira ya mji, ambaye kila mlango wa mji huu umeshamgonga kichwa. Yupo Kimya, mkata manyoya ya kondoo, ambaye hajanyamaza tangu abatizwe. Na yupo Mpole, mama wa jikoni kule uwanjani, aliyewahi kumkimbiza refa kwa koleo la kugeuzia soseji mpaka ndani ya gari lake. Watu wa huku ndivyo wanavyobatizana, kinyumenyume, na mtu akiitwa jina linalomfaa ajue bado hajapendwa. Asubuhi hiyo ya Agosti baridi ilikuwa ya kukata masikio, kahawa ilifuka moshi, na hakuna aliyecheka. Mchana Panzi wangecheza mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Tai wa Kurrabin, na msimu mzima walikuwa hawajashinda hata mara moja.

Msimu uliopita hawakushinda vilevile, wala ule wa kabla yake. Aibu hiyo watu walishaizoea. Kilichowakosesha usingizi ni Jumatatu, siku ambayo kamati ingepiga kura: Panzi waungane na Kurrabin, au wabaki wenyewe na vipigo vyao. Benki ilishahamia Kurrabin. Shule ya sekondari ikafuata, na daktari akaifuata shule. Timu ikienda, mechi zote zingechezwa kule, na uwanja wa Murrangool ungekodishwa kwa mwenye kondoo. Kamati ilikuwa imegawanyika katikati kama mkate, na mji mzima ulijua kwamba kura ya kuamua ni ya Mfupi.

Mfupi naye alikuwa na lake moyoni. Alishajiwekea kwamba leo wakishinda, Jumatatu atasema hapana. Wakifungwa, atasema ndiyo na yaishe. Hakumwambia mtu, hata mkewe, maana alijua kabisa kuwa huo ni uoga.

– Leo tunashinda, alianza Kimya, kahawa hata hajaionja. Nimeota.

– Hata Aprili uliota, Mpole akamkata. Tukapigwa mpaka ubao wa mabao ukaishiwa vibao vya namba.

– Aprili ilikuwa joto, dada. Vijana wametoka kupanda ngano, miguu imekufa.

– Na Mei?

– Mei tope.

– Tope lilikuwa letu peke yetu? Wageni walichezea kwenye zulia?

– Wewe hujui mpira, unajua soseji. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa vijana wetu wa katikati wameishika hiyo methali kupita kiasi! Refa anarusha mpira juu, wao wameinama wanatafuta uvungu.

– Methali yenyewe haina maana hiyo.

– Kwangu inayo.

Mfupi alivuta kahawa. Enzi zake yeye ndiye aliyekuwa akiruka pale katikati, mkono mmoja juu ya vichwa vya watu wote, na mpira wa huku, ule wa umbo la yai, ulikuwa ukimjia kana kwamba umetumwa. Sasa magoti yake yalilia hata akipanda ngazi za kanisa. Akatazama barabara iliyoelekea uwanjani na kuomba, ingawa si mtu wa kuomba, kwamba upepo usibadilike.

– Tatizo ni nguzo, Kimya aliendelea, akishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. Nguzo za magoli za upande wa maghala. Tangu wajenge lile ghala jipya, uzito wa ngano unavuta ardhi. Nguzo zinahama.

– Zinahama kwenda wapi?

– Kurrabin! Kidogo kidogo. Bandu bandu humaliza gogo.

– Mungu wangu. Na wageni wanaofunga kwenye nguzo hizo hizo?

– Wao wanajua zilipo. Zinakwenda kwao.

– Nikwambie tatizo? Mpole aliweka kikombe chini. Tatizo ni ndege. Wale ndege wenye miguu mirefu waliotaga katikati ya uwanja mwezi wa Juni. Vijana wetu wana huruma, wanazunguka kiota. Adui anapita moja kwa moja.

– Mayai yalianguliwa Julai, mama.

– Yalianguliwa, lakini vijana walishazoea kuzunguka! Na juu ya hilo kuna soksi. Tangu tubadili soksi tumeshinda lini? Na juu ya soksi, mimi nasema kuna mtu anawapa Kurrabin siri zetu.

– Siri gani? Tuna siri gani sisi? Siri yetu kubwa ni kwamba tunafungwa, na hiyo inatoka gazetini.

– Nauliza tu. Jumapili kwenu nani hukaa mezani akala nyama ya kuchoma?

Hapo benchi likapoa. Corey, mtoto wa Kimya, alihamia Kurrabin msimu ulipoanza, na leo angeingia uwanjani na jezi ya Tai. Mji mzima ulilijua hilo, na mji mzima ulikuwa umeamua kutolitaja mbele ya baba yake.

– Corey ni mtu mzima, Kimya alisema polepole. Tangu aingie timu ya wakubwa hapa, hajaonja ushindi. Mtoto wa watu anataka kushinda hata mara moja kabla magoti hayajaisha. Hiyo ni dhambi?

– Si dhambi.

– Basi niache.

– Nakuacha. Ila nijibu moja. Mchana gari lako utaliegesha pale pale, pua kwenye uzio, kama sisi wote tunaoshangilia kwa honi. Corey akifunga, utapiga honi?

– Usiniulize hivyo, Val.

Alimwita jina lake la kweli, na hilo si jambo dogo katika benchi lile. Mpole hakurudi nyuma.

– Nakuuliza. Watu wote watakuwa wamekaa kwenye magari yao wanasikiliza honi ya nani inalia. Utapiga?

– Ni mwanangu!

– Na sisi ni nani?

– Mfupi, mwambie huyu mama aniondokee, la sivyo nitasema neno tutakalojuta.

– Mfupi naye aseme lake! Mpole aligeuka mzima mzima. Mzee, tumekaa hapa wiki baada ya wiki, tumelaumu jua, tope, ndege na soksi, wewe unakunywa tu. Jumatatu mkono wako utakuwa wapi?

– Mkono wangu uko kwenye kahawa.

– Tusifanyiane mzaha.

– Sikufanyii mzaha, mama. Sijui.

Alikuwa amesema uongo na ukweli kwa pamoja, na vyote viwili vilimchoma. Kimya aliuona ufa huo akaingiza mguu.

– Sema ndiyo, ndugu yangu. Tumechoka. Tukiungana tutakuwa na wachezaji wa kutosha, hatutakwenda tena kugonga milango Ijumaa tukiomba mtu mwenye viatu. Jezi mpya, nusu Panzi, nusu Tai. Tutashinda mechi kabla hatujafa.

– Panzi na tai wakiungana, alisema Mpole, kinachobaki ni tai aliyeshiba.

Mfupi alimkubali Kimya, na alimkubali Mpole, na hapo ndipo penye mateso. Alitamani mchana ufike upesi, mechi ichezwe, na wale vijana kumi na wanane wambebee mzigo ambao yeye na urefu wake wote ulimshinda. Aliwaonea haya kabla hawajaingia uwanjani.

Mlango wa duka ukafunguka. Akatoka Jaspreet, dereva wa lori la nafaka, Kalasinga mwenye mabega kama kabati, kikombe mkono mmoja na mfuko wa viatu mkono wa pili. Alikuja mjini wakati wa mavuno yaliyopita akabaki. Mpole ndiye aliyemdaka kwenye foleni ya mikate na kumwambia kuwa mtu wa umbo lile kukaa nje ya uzio ni kumkosea Mungu. Leo ingekuwa mechi yake ya kwanza.

– Habari za asubuhi, wazee.

– Nzuri, mwanangu. Umekula?

– Nimekula, mama. Nina swali dogo.

– Kama ni la sheria usiulize, Kimya akarukia, akifurahi kubadilisha mazungumzo. Hata refa hazijui.

– Si la sheria. Kocha ametufundisha la kufanya tukifungwa mapema, tukifungwa sana, mtu akivunjika. Hajatuambia tukishinda tunafanya nini.

Wakatazamana. Kisha Kimya akacheka, cheko la kwanza la asubuhi ile.

– Tukishinda tunaimba, kijana! Mnaingia chumba cha kubadilishia nguo, mnafanya duara, mikono mabegani, mnarukaruka mpaka sakafu inalia. Wewe mgeni unawekwa katikati, unamwagiwa maji.

– Mnaimba nini?

– Wimbo wa klabu!

– Basi nifundisheni. Niliwauliza wenzangu mazoezini, wakasema hawajawahi kuuimba.

– Watoto hawa hawana makosa, alisema Mpole, na akasimama akavuta sketi yake sawa. Wameingia timu ikiwa inafungwa tu, wangeuimba wapi? Sikiliza, mwanangu. Mahadhi unayajua, ligi nzima tunatumia mahadhi hayo hayo, kila klabu na maneno yake.

Akaanza kwa sauti ya kanisani:

Panzi wa Murrangool, tokeni nyasini,
Vumbi likitimka mjue ni sisi.

Kimya akadakia, akipiga benchi kwa kiganja. Sauti nzito ya Mfupi ikaja chini yao, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili alihisi kifua chake kinafunguka. Wakasahau Jumatatu, wakasahau honi. Mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama kusikiliza.

Twapita juu yenu, twarudi na ushindi,
Mabawa yametanda, kucha ziko wazi!

Wakamaliza kwa kelele, nyuso nyekundu. Jaspreet aliyarudia maneno taratibu, midomo ikicheza, kama mwanafunzi mwema. Alipofika mwisho akasita.

– Samahani, wazee. Panzi ana kucha?

Mpole alibaki na mkono hewani.

– Rudia, alisema Kimya. Ulikosea mstari wa tatu.

– Mimi nilikosea? Wewe uliimba nini?

– Niliimba ulichoimba.

Mpole akaanza tena, safari hii polepole. Nyasi zilipita salama, vumbi likapita salama. Kwenye mstari wa tatu mdomo wake wenyewe ukaenda juu, ukatanda mabawa. Akakaa chini.

– Huo ni wa Kurrabin, alisema kwa sauti ndogo.

Ulikuwa wa Kurrabin, neno kwa neno. Vyumba vya kubadilishia nguo kule uwanjani vimetengwa kwa ukuta wa bati, na anayefungwa hukaa upande wake akifungua kamba za viatu huku mshindi anaimba upande wa pili. Misimu mitatu walikuwa wamesimama kwenye bati lile, wakiwapa vijana maji na machungwa, wakimeza wimbo wa watu.

– Mfupi, Kimya aliomba. Wewe umeuimba miaka na miaka. Umeuimba ukiwa na jino limevunjika. Mstari wa tatu unasemaje?

Mfupi alifungua mdomo. Alikiona chumba, aliwaona wenzake wa zamani, wengine sasa wako makaburini, aliwaona mpaka matope kwenye nyusi. Walikuwa wakiimba. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni kucha, na hofu ikamshika kweli kweli, hofu ambayo vipigo vya misimu mitatu havikuwahi kumpa. Alidhani Kurrabin wanakuja Jumatatu kuomba mlango. Kumbe walishaingia, wamekaa kooni mwake.

– Jumatatu nasema hapana, alisema.

Mpole alimtazama, asiamini.

– Hata tukifungwa leo? aliuliza Kimya, na hapakuwa na ubishi katika sauti yake.

– Hata tukifungwa kama Aprili.

– Na Corey?

– Corey akifunga mpigie honi, ni mwanao. Si yeye aliyetuchukulia wimbo. Tuliuacha wenyewe.

Kimya akafuta pua kwa mkono wa koti na kutikisa kichwa, akikubali au akiumia. Jaspreet bado alikuwa amesimama na viatu vyake, akiona amevunja kitu asichokijua.

– Sasa mimi niimbe nini, mzee?

– Wewe nenda ukaruke, mwanangu. Mpira ukiwa juu usimtazame refa. Maneno niachie mimi.

– Na msipoyapata?

Mfupi akasogea kidogo kwenye benchi. Kijana alisubiri, kisha akaaga kwa adabu akashika barabara ya uwanjani, ambako magari ya kwanza yalishaanza kujipanga kwenye uzio. Wazee wale watatu wakainamishiana vichwa, wakaanza upya kwa kunong'ona, nyasi, vumbi, nyasi, vumbi. Kahawa ikapoa vikombeni, na kila walipofika mstari wa tatu midomo yao iliota kucha.