Marehemu Aliyeandika Kifungu cha Kusimama

Yah: Utaratibu wa Kuthibitisha Usimamaji wa Mbwa Afugwaye Nyumbani, Fomu Namba 7, Kifungu cha (c).

Hicho ndicho kichwa cha barua iliyofika hapa nyumbani Jumatatu tarehe 5 Juni 2023, siku moja kabla ya marehemu kutuacha, na familia imeniomba nianze nayo, kwanza kwa sababu haikumtoka marehemu mkononi mpaka mwisho, na pili kwa sababu kifungu hicho cha (c) aliyekiandika ni yeye mwenyewe, jambo ambalo wengi wenu mnalijua, na wachache hamkuwahi kumsamehe. Mimi ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba yetu, nimepewa kusoma kwa kuwa sauti yangu hufika viti vya nyuma, na mkiisikia inatetemeka msidhani ni majonzi peke yake, tangu saa mbili asubuhi ya leo mwili wangu wote haujatulia.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi viatu na mpishi wa shule ya bweni, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alitoka akiangaza macho huku na huku kama mtu aliyeingia ofisi asiyoijua, akalia kwa sauti ndogo ili asimsumbue mtu. Woga ule alikua nao. Aliogopa radi, aliogopa bahasha za kaki, aliogopa kubisha hodi hata nyumba aliyoalikwa, lakini hakuogopa mbwa, nami kati ya hivyo vyote ninachokiogopa ni mbwa tu, kwa maana mwaka 1966, nikiwa na miaka saba, mbwa wa mlinzi wa ghala aliniuma paja, kaka akanibeba mgongoni hadi zahanati, kisha jioni akarudi ghalani kuangalia kama yule mbwa hakuumia meno, nami nikamnunia mwezi mzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, sekondari hadi 1969, na tarehe 3 Desemba 1971 alipata cheti cha ukarani na uchapaji, kikiwa na maoni ya mkuu wa chuo yaliyosomeka, "Mtiifu kuliko inavyohitajika." Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa na Halmashauri, Idara ya Leseni Ndogondogo, chumba namba 14, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wageni, akishughulika na baiskeli, mikokoteni na mbwa, na katika chumba hicho hicho alikaa miaka thelathini na tisa, isipokuwa wiki mbili za mwaka 1983 walipopaka rangi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Septemba 1978 na wifi yangu, fundi cherehani, aliyefika chumba namba 14 kuombea leseni mkokoteni wa kubebea vitambaa, akarudishwa mara nne kwa ajili ya saini moja, na wifi hadi leo anasema, "Mara ya tatu nilishajua hakuna saini inayotakiwa, nikarudi hivyo hivyo." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1980, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1984, ambaye ni dereva wa lori, na wote wawili mnawaona hapa mbele.

Sasa nifike mwaka 1988. Wakaguzi wa mbwa wa wakati ule walikuwa na desturi ya kujaza fomu chumba cha chai, bila kumwona mbwa wala banda lake, hata ikagundulika kwamba mbwa wengi waliothibitishwa kuwa na afya njema mwaka ule walikuwa wameshakufa, mmoja akiwa na miaka sita kaburini na bado anaongezewa uzito kila Juni. Marehemu akapewa kazi ya kutafuta dawa, akakaa jioni tatu, akaandika, "Mbwa asimame mwenyewe kwa miguu yake minne mbele ya mkaguzi, bila kushikwa wala kuegemezwa, kwa muda wa dakika moja, na asiyeweza atachukuliwa na gari la Halmashauri." Alitaka tu wakaguzi wainuke vitini. Hilo la gari aliliweka kama mtu anavyomtisha mtoto na zimwi, na katika jioni zote tatu hakukumbuka kwamba mbwa huzeeka, alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, uzee aliujua kwa kuusoma.

Juni ya mwaka uliofuata, gari lilikuja kweli. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa na mbwa jike mweupe wa miaka kumi na tatu, mwenye nyonga zilizokwisha, akila vizuri, akibweka vizuri, akishindwa kuinua sehemu ya nyuma tu, na mkaguzi alipomaliza kusoma kifungu, mwalimu alimtazama marehemu aliyekuwa amesimama upande wetu wa ukuta, akamwuliza, "Hii si kazi yako hii?" Marehemu akaitikia kwa kichwa. "Basi njoo umbebe wewe." Na alimbeba, mita arobaini hadi kwenye gari, huku yule mbwa, ambaye alikuwa akimfahamu, akimlamba kidevu njia nzima, na kaka yangu hakula siku mbili, na tangu siku hiyo kila Juni ikikaribia alikuwa akishtuka gari lolote likipunguza mwendo mtaani.

Aliandika barua kuomba kifungu kifutwe, akaandika tena mwaka baada ya mwaka, akajibiwa kwamba suala lake limepokelewa, kisha kwamba suala lake linafanyiwa kazi, kisha, mwaka 1997, kwamba kifungu kimeonyesha mafanikio na unaandaliwa utaratibu wa kukipeleka kwa punda. Baada ya hapo aliacha kuomba, maana alihofia akiomba tena wataongeza wazee.

Akageukia mbwa wenyewe. Kwa kuwa siku ya ukaguzi kushika ni marufuku, alijua msaada lazima utangulie, miezi kabla, na kila mlango wenye mbwa mzee aliubisha, yeye aliyeogopa kubisha hodi, akiwa na mfuko wa vipande vya mpira wa kutandika sakafuni, kwa sababu, alisema, mbwa mzee haangushwi na miguu tu, huangushwa na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na mwenye nyumba anayejisifu kwa usafi. Alikata kucha zilizorefuka, akapunguza manyoya ya katikati ya vidole, akainua bakuli lifike usawa wa kifua, akapigilia ubao wa mteremko penye ngazi na kuuvika kipande cha zulia, akashona godoro nene lenye kitambaa kisichopitisha maji, naye wifi akashona mkanda wa turubai wa kupita chini ya tumbo, wenye vishikio viwili, wa kumsaidia mbwa atembee kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, wala si safari moja ndefu ya kumwonyesha majirani. Wenye mbwa wanene aliwaambia ukweli bila kuwatazama usoni, kwamba kila kilo ya ziada inakaa juu ya nyonga, na mmoja wenu hapa, muuza nyama, alimjibu, "Mzee Kifungu, unamwambia mbwa au unaniambia mimi?"

Ameacha daftari la jalada jeusi lenye kanuni zake, kwa maana hakujua kuandika kitu kingine, na humo imo, "Mbwa hainuliwi kwa mkia, hata kwa dharura," na, "Dawa ya maumivu ya binadamu hapewi mbwa, yaweza kumwua, aitwe daktari wa mifugo," na, "Alalaye upande mmoja kutwa ageuzwe, hata kama amekasirika," na ukurasa wa mwisho kabisa, kwa penseli, "Usimfiche kwamba unaogopa, anajua."

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akaaga kwa soda na keki, na miaka miwili mbele akaletewa mbwa wa miezi minne, wa kahawia, mwenye masikio yasiyolingana, akamwita Mkurugenzi, kwa sababu alilala kutwa na aliyemwamsha ndiye aliyeomba radhi. Huyo naye akazeeka. Kuanzia mwaka juzi nyonga zake zilianza kukataa, na Juni mwaka jana alisimama dakika yake akitetemeka kama meza mbovu, marehemu akatetemeka pamoja naye, hata mkaguzi akauliza ni yupi anakaguliwa.

Ugonjwa wa marehemu mwenyewe ulianza Septemba 2019, miguu ikifa ganzi kutoka nyayo kupanda juu, na tarehe 11 mwezi ule nilimpeleka hospitali, ambako daktari, mtu mpole kabisa, alimwambia, "Haya mzee wangu, simama kidogo bila kushika meza." Kaka yangu aliingiwa na hofu ambayo sijaiona kwa mtu mzima, akauliza, "Nisipoweza?" Daktari akasema, "Nitakupa fimbo." Kaka akaniangalia mimi kwanza, kama vile anataka shahidi, halafu akasema polepole, "Fimbo. Mimi sikufikiria fimbo."

Mwaka huu moyo nao ukadhoofika. Jumatatu ilipokuja ile barua, ikisema ukaguzi ni Ijumaa tarehe 9 Juni saa mbili asubuhi, Mkurugenzi alikuwa na siku nne hajasimama bila mkanda. Jumanne tarehe 6 Juni, saa kumi na moja kasoro robo jioni, akiwa kwenye kiti cha barazani, marehemu aliniita nikae karibu, nikakaa upande usio na mbwa, akaniambia, "Ijumaa usimshike. Hata akikutazama vipi, usimshike, ukimgusa tu wanamchukua." Nikamwambia, "Kaka, mimi nimshike mbwa? Mimi?" Akasema, "Utataka." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, moyo ulisimama kabla chai haijapoa.

Jumatano binti yake alikwenda Halmashauri kuomba ukaguzi uahirishwe, akaambiwa fomu ya kuahirisha hujazwa na mmiliki mwenyewe akiwa na kitambulisho, akasema mmiliki amefariki, akaambiwa poleni sana, basi asajiliwe mmiliki mpya, siku ishirini na moja, ila mbwa asiyekaguliwa hasajiliwi. Kwa hiyo leo, saa mbili na dakika kumi, wakati nyinyi mnapanga viti huku mbele, gari lilisimama uani nyuma, likaacha injini inanguruma, mkaguzi akashuka, na wifi akiwa na marehemu chumbani, niliyetoka ni mimi.

Mkaguzi alitazama sakafu, akauliza, "Mama, huu mpira si msaada?" Nikamwambia, "Huo ni sakafu yetu, baba, hatuna nyingine." Akafikiri, akaandika. Akaniambia simu yake imezimika chaji, nimhesabie mimi, moja hadi sitini, kwa sauti, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwa mnyama. Nikamwita mbwa. Alijikokota, akainua mbele, akaikusanya miguu ya nyuma mmoja mmoja kama mtu anayeokota vitu vilivyodondoka, akasimama, na wakati wote hakumtazama mkaguzi wala gari, alinitazama mimi, kwa macho yale yale yanayoniogopesha tangu nikiwa na miaka saba, nami nikahesabu, nikaona mguu wa nyuma wa kushoto unaanza kulegea, nikaona mkono wangu umeshatoka na uko juu ya mgongo wake, umbali wa kidole kimoja tu kabla ya kugusa manyoya, nikaurudisha nyuma kwa mkono mwingine, nikaendelea kuhesabu. Nilipotamka sitini alianguka. Mkaguzi akagonga muhuri, gari likaondoka tupu, na cheti ni halali hadi Juni ijayo, nacho, kwa kifungu cha (f) alichokiandika marehemu pia, kikishagongwa muhuri hakitenguliwi kwa sababu yoyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, daktari wa mifugo aliyekuja alipoitwa kwa ajili ya mbwa akakuta mgonjwa ni mwenye mbwa, majirani wote wa mtaa huu, na mwalimu wa hesabu aliyefika leo kwa fimbo, akiwa na miaka tisini na moja, akakaa safu ya mbele. Tunawashukuru wenzake wa Halmashauri, mliokuja kwa gari la ofisi, ambalo tumeomba liegeshwe mbali kidogo.

Kaka yangu, jinyooshe ulale, hakuna tena atakayekuambia usimame.

Na kwa kuwa marehemu hakupenda kumbukumbu yenye makosa, nimalizie kwa kusahihisha. Kijana wake alikuwa dirishani na saa yake. Mkurugenzi alisimama sekunde thelathini na nane. Niliogopa, nikahesabu haraka.