Jozi ya Tano ya Thirza Hepple

Wasikilizaji wapendwa, ondoeni birika jikoni lisiwapigie mluzi, maana habari ya leo inataka masikio. Thirza Hepple ametutoka. Thirza, mpishi wa kantini ya mgodi wa makaa hapa Eshwick. Thirza aliyejifunza ushairi peke yake, huku akimenya viazi.

Aliwafundisha wachimbaji kwa kugonga mwiko. Shairi la Kiingereza, aliwaambia, usilihesabie silabi tu, sikiliza mkazo. Nyepesi, nzito. Nyepesi, nzito. Jozi tano, mstari umetimia. Mumewe, Cuthbert, hakulikanyaga darasa lile. Lakini nyumbani Thirza akigonga meza jozi nne na kunyamaza makusudi, chai ilimkwama kooni. "Malizia, mwanamke wewe! Utaniua!" Kisha Cuthbert akaigonga ya tano mwenyewe.

Mwaka 1958 paa la mgodi likaporomoka. Cuthbert alikuwa chini. Narudia: Cuthbert alikuwa chini, na waokoaji hawakujua wachimbe upande gani. Bomba la hewa la mashariki lilitoa milio hafifu ya kugongwa, ovyo ovyo. Msimamizi, Ridley, akasema ni mawe yanajipanga. Watu wahamie magharibi.

Thirza akaweka sikio kwenye bomba. Urefu wa bomba msiniulize; kila nikisimulia unaongezeka. Akachukua mwiko, akagonga jozi nne. Akanyamaza.

Kimya.

"Bi Thirza, hewa inawaishia huko chini," Ridley akasema.

"Ngoja."

Binti yao, Merle, alikuwa na miaka sita. "Mama alikuwa ameuma aproni," anasema. "Nilidhani ataimeza."

Kimya bado. Ridley akainua mkono kuwahamisha watu. Ndipo bomba likajibu. Nyepesi. Nzito.

Wakachimba mashariki. Cuthbert alitoka mweusi tii, mzima, akinung'unika: "Hata kaburini, Thirza, hunimalizii mstari?"

Jumanne iliyopita zamu ya kungoja ilikuwa ya Cuthbert. Merle anasema baba yake, mzee wa miaka tisini na sita, aligonga jozi nne kwenye chuma cha kitanda cha Thirza, akanyamaza. Wakasubiri. Kidole cha Thirza kikainuka, kikagusa shuka. Nyepesi.

Wakasubiri tena.

Mzee Cuthbert, Merle, poleni sana. Eshwick yote inalia nanyi. Nanyi wasikilizaji, leo mtu wenu akinyamaza katikati ya neno, msimkimbie. Ngojeni.

Nzito ile, wapendwa, aliigonga Cuthbert.