Kusuka Nanga ya Kitsao

Kijiwe chetu kipo Diani, pale kinjia cha ufuoni kinapochepuka nyuma ya hoteli: benchi moja, jiko la makaa, birika la Boga muuza kahawa, na hoja zisizokuwa na mwenyewe. Mwaka huo mvua za Elinino zilikuwa zimeshatuosha hadi mawazo, na wageni ndiyo kwanza wanaanza kurudi. Kitsao, mwenye mashua ya sakafu ya kioo ya kuonyesha wageni samaki, alitufikia akihema: nanga begani, mnyororo shingoni kama shada la mheshimiwa, kamba mpya kiunoni. Alasiri hiyo Nereah wa hotelini angemletea wageni. Wakifurahi, kazi ya msimu mzima ni yake.

— Kamba nimepewa na Mjerumani, akasema Kitsao. Lakini nikiifunga kwenye mnyororo, fundo linakwama kwenye tundu la omo, pale mbele ya mashua. Nataka iungwe bila fundo.

Profesa akavaa miwani. Jina lake hasa ni Chirau; uprofesa aliupata kwa kulinda geti la watafiti wa samaki.

— Fumua nyuzi tatu, zirudishe ndani. Kwisha.

— Tatu ziko wapi, Profesa? Hii imesukwa! Hesabu mwenyewe.

Profesa akahesabu, akapotea, akaanza tena, akaomba kahawa.

— Kamba hii ni ya kike, akatangaza. Na mnyororo huu ni wa kike. Hapo hapana ndoa.

— Aka! akadakia Boga. Tatizo ni joto. Kamba ya Ulaya imezoea barafu, hapa imevimba. Ilazwe kwenye friji ya hoteli.

— Pamoja na nyama?

— Pembeni ya nyama. Asubuhi itapenya hata tundu la sindano.

— Wageni wanakuja leo, jamani! Kitsao alikuwa karibu kulia.

— Basi nao wangoje kwenye friji. Si ndiyo hewa ya kwao?

Mimi nikashauri tuulainishe mnyororo kidogo kwenye jiko la Boga. Boga akalikumbatia jiko lake kama mtoto, akaungua, akaliachia.

Ng'ambo ya kinjia, Jumwa msusi akatupa kitana chini.

— Wanaume wazima mumeshindwa na nywele! Leteni hapa.

— Dada Jumwa, hii ni kazi ya bahari, akasema Profesa.

— Nilimsuka mkeo siku ya arusi yenu, Chirau, na hakufumuka mpaka alipokuacha. Lete!

Akaifumua ncha, akazipanga nyuzi mbili mbili. Nusu akazipitisha kwenye pete ya mwisho ya mnyororo kutoka kushoto, nusu kutoka kulia, kisha akazirudisha zote ndani ya msuko, juu, chini, juu, akizipunguza mpaka zikafia humo humo. Tukaivuta kamba, nusu yetu huku, nusu kule. Benchi likapinduka, kahawa ikamwagika, kiungo kikatulia tuli.

— Nilisema mimi! akapiga kelele Profesa, yuko chini. Ya kike kwa wa kike, atafutwe mwanamke!

Hapo akatokea Nereah na sare yake ya hoteli.

— Shikamooni. Kitsao, wageni wako nyuma yangu. Uko tayari?

— Tazama, sista, hakuna fundo! Laini kama shavu.

— Poa sana. Nanga ndiyo hii?

— Ndiyo hii.

— Na mnyororo, na kamba, zote ziko hapa?

— Zote! Hata uzi haukubaki kule.

— Sasa boti mmeifunga na nini?

Boga akachungulia ndani ya birika. Profesa akafuta miwani.

— Niliiacha imekaa mchangani, akasema Kitsao polepole. Maji yalikuwa yamekupwa.

Tukageuka. Bahari ilikuwa imejaa pomoni, na mashua ilikuwa inaondoka kwa adabu, ikiwaonyesha samaki viti vitupu.

Tulikimbia sote, nanga mikononi, Jumwa mbele na leso kiunoni. Tuliikamata maji yakiwa kifuani, Kitsao akafunga kamba, nanga ikashika. Ufuoni wageni wakapiga makofi kwa shangwe. Nereah, bila kupepesa jicho, akawaeleza kuwa hiyo ni ngoma yetu ya kuikaribisha mashua.

Kesho yake wageni wengine walimuuliza ngoma hiyo huchezwa saa ngapi.