Kurudishwa kwa Sababu ya Kidevu

Fundi cherehani alikaa dirishani mwa treni, sanduku mapajani. Mama mkwe wake alikuwa akimrudisha kwao, na behewa zima lilikwisha kuarifiwa.

“Miaka mitatu hashiki mimba, hedhi haieleweki, ndevu kama bwana harusi! Ulafi huo!” alimwambia muuguzi aliyeketi mkabala.

“Si ulafi, mama. Mwili usipoitii insulini, homoni ya kudhibiti sukari, huizidisha, nayo huchochea ovari kumwaga homoni za kiume. Huenda hata jeni ziliwashwa hivyo tumboni mwa mamake. Kuna tiba.”

“Basi kosa la mamake! Kwetu hatuna hayo. Binti yangu hunyoa kidevu, lakini ni joto tu.”

“Naye alikaa tumboni mwa nani?” muuguzi akauliza.

Treni ikasimama kituo cha kwao fundi. Mama mkwe akainama kutafuta kiatu kilichokuwa mguuni, na fundi hakuinuka.