Neno Moja Katika Barua ya Isidore

Kwenye benchi la kahawa, juu kidogo ya soko la Kadutu, mtu huhukumiwa kabla hajamaliza kikombe. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Isidore. Miaka minne alizunguka vijiji vya Kalehe akiwahoji watu kuhusu visima, kwa niaba ya shirika moja la wageni. Shirika lilikuwa limefunga. Bosi wake, mama Mwingereza, alimwachia barua ya kumpendekeza kwa waajiri wengine, na saa sita mchana wa siku ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka dosie, yaani karatasi za kuombea kazi mpya. Barua yote aliielewa, ila neno moja, akawaonyesha wenzake: inquisitive.

— Iko inquisition hiyo, alisema Zagabe, aliyeitwa Avocat, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kusoma sheria mwaka mmoja. Zamani mapadri walichomaka watu nayo. Bosi anasema weye uko mutesaji.

— Miye? Hata mbuzi sijapiga!

— Wote wanasemaka vile, alidakia Hadji, muuza vitenge. Lakini miye naona ni enquête, uchunguzi. Alikuona espion, mupelelezi.

— Espion wa nani?

— Wa visima. Mutu wa akili anauliza maji miaka ine?

— Basi ni espion mutesaji, Avocat akakata kesi. Samaki mumoja akioza, mutungi unapasuka. Toa hiyo barua mu dosie!

Isidore alikumbuka jinsi mama yule alivyocheka kila aliposikia swali lake. Kumbe! Aibu ikampanda hadi masikioni. Akaichana barua vipande vinne.

Ndipo akafika Consolate, mwalimu wa Kiingereza, kutafuta kahawa. Akaokota kipande, akasoma.

— Inquisitive? Ni mutu anapenda kuuliza ili ajue. Linatoka kwa Kilatini, maana yake kutafuta. Question na enquête ni ndugu zake. Mara ingine wanalitumia kwa mutu wa kuchungulia mambo ya wenzake, lakini mu barua ya kazi ni sifa.

Avocat akainamia kikombe chake.

— Papa Isidore, aliuliza Consolate, bosi wako hana telefone?

— Iko nayo.

— Na nyote hapa, hakuna mutu alifikiria kumuuliza?

Hadji alikohoa.

Isidore aliokota vipande, akakimbia kwa muuza karatasi kuomba skochi ya kubandikia, kisha akateremka kilima mbio. Saa sita kasoro dakika tano, maman wa mapokezi kwenye ofisi ya kazi ile mpya aliigeuzageuza barua ile.

— Nani alichana hii?

— Miye.

— Juu ya nini, sababu gani?

Isidore alipangusa jasho.

— Sikuuliza, maman.